Mvuke Unaopotea Kiwandani: Kagua Trapu Kabla ya Kununua Boila Mpya

Mafuta yakipanda bei, wenye viwanda vya sabuni, rangi na gundi wa Chang'ombe, Vingunguti na Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, hutuulizia boila mpya. Sisi wakaguzi huanza na trapu.

Trapu ni kifaa kidogo kinachofungwa mwisho wa koili, yaani bomba la mvuke lililojikunja ndani ya pipa ili kulipasha moto. Huachia maji ya mvuke uliopoa na kuuzuia mvuke wenyewe. Ikibaki imeachama, mvuke unapita bure. Tundu la milimita 3 kwenye presha ya baa 7 hupitisha takribani kilo 20 za mvuke kwa saa. Kiwanda kikifanya kazi usiku na mchana, hizo ni karibu lita 40 za dizeli kwa siku, na kama kilo 100 za hewa ya ukaa, kwa trapu moja tu.

Kinachoziharibu mara nyingi ni kutu na magamba ya chumvi, hasa chujio lisiposafishwa. Nyingine huziba kabisa: koili inapoa, pipa linachelewa kuchemka, bomba linagonga. Hapo fundi hufungua valvu ya pembeni, inayoukwepesha mvuke trapu, ili kazi iende, na valvu hiyo ikasahaulika wazi miezi mingi. Tafuteni hiyo kwanza.

Msitegemee kipimajoto peke yake, kwani trapu nzima na iliyoachama zinaweza kuonyesha joto lilelile. Sisi husikiliza kwa kifaa cha mawimbi ya sauti: trapu ya ndoo (yenye kikopo ndani kinachopanda na kushuka) ikiwa nzima husikika ikifungua na kufunga, iliyoachama huvuma mfululizo. Trapu ya boya (yenye tufe linaloelea) hutoa maji muda wote hata ikiwa nzima, kwa hiyo inataka sikio lililozoea.

Maji yanayotoka kwenye trapu yasiishie mtaroni, yarudishwe kwenye boila. Ni ya moto na karibu hayana chumvi. Maji ya kulishia boila yakipanda nyuzi 6, mafuta hupungua kwa takribani asilimia 1. Yakitoka nyuzi 30 hadi 80, ni asilimia 8 hivi. Wanaotumia kisima chenye chumvi hufaidi zaidi, maana boila yao hupulizwa (hutolewa maji yenye chumvi iliyojikusanya) mara nyingi, na kila mpulizo unamwaga maji yaliyokwisha kupashwa moto.

Wengi wanaogopa kuyarudisha, na wana haki. Koili ikitoboka ndani ya pipa la sabuni, tatizo hutokea mvuke ukifungwa: uliobaki ndani unapoa, unasinyaa, na kuvuta soda ya kutengenezea sabuni na mafuta kutoka pipani. Vikifika kwenye boila, maji yanafanya povu na kubebwa na mvuke. Kwa hiyo sisi hufunga kipimo cha chumvi kabla ya tangi la kurudishia. Namba ikiruka, valvu hugeuza maji kwenda tangi la maji machafu. Mafuta hayashikwi na kipimo hicho. Chukueni sampuli kila zamu kwenye chupa ya kioo, yapoe, mtazame kama uso wake una mafuta.

Valvu na flanji (viungo vya mabomba vinavyokazwa kwa bolti) zilizo wazi zivalishwe jaketi la pamba ya kioo linalofunguka, lisiloingiza maji: pamba iliyolowa haizuii joto, na chini yake bomba linakula kutu.

Tukija kukagua, boila iwe kwenye presha ya kazi na mapipa yakiwa yanapika. Mtupatie mchoro wa mabomba. Mchoro usipokuwepo, tutazipa trapu zote namba za kibati kwanza, na hilo huchukua muda.