Mvuta boti, simama uguse magurudumu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu wanaovuta boti kwa gari kwenye barabara za vumbi na changarawe. Mara kwa mara tunasoma kuhusu maboya ya kujiokolea, kuhusu kujaza watu kupita kiasi, kuhusu kutazama hali ya hewa kabla ya kung'oa nanga. Yote ni maneno ya haki. Lakini chombo changu kimeumia mara nyingi zaidi kikiwa juu ya trela kuliko kikiwa majini, na siku niliyokaribia kuua mtu kwa boti, maji yalikuwa mbali kabisa.

Siku hiyo nilikuwa naendesha mimi, mdogo wangu ameketi kando yangu. Boti ni ya fibaglasi, mita 5, na trela lake ni la ekseli moja. Tulikuwa tumekwenda karibu saa nzima kwenye njia iliyojikunja kama bati. Mara nikaona gurudumu linatupita upande wa kushoto, linakimbia peke yake mbele ya gari. Sikuelewa ninachokiona. Mdogo wangu ndiye aliyepiga kelele: "Dada, simama! Ni letu hilo!" Mbele yetu palikuwa na kijana anasukuma baiskeli. Gurudumu lilimpita nyuma ya mgongo, hatua mbili tatu tu, likaingia kwenye majani. Kijana hakujua lolote mpaka lilipokwisha kupita. Miaka imepita na bado nauona mgongo wa yule kijana.

Fundi alipofungua alikuta beringi zimesagika, na grisi iliyobaki imekuwa nyeupe kama maziwa. Weupe ule ni maji. Akatuuliza mara ya mwisho tulishushaje boti. Tulifanya kama wanavyofanya wengi: tulifika, tukageuza gari, tukarudi nyuma hadi magurudumu ya trela yakazama, bila kupumzika hata dakika moja. Kumbe baada ya mwendo mrefu kitovu cha gurudumu, kile ambacho mafundi hukiita habu, huwa kimepata moto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Ukikichovya majini ghafla, hewa ile inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Maji yakishaingia, grisi haifai tena, kutu inaanza, na kazi inayobaki humaliziwa na barabara mbovu.

Tangu siku hiyo, nikifika ufukweni nasubiri. Nafungua mikanda, napanga vyombo, narudisha nguruzi, kizibo cha tundu la kutolea maji botini, kwenye tundu lake na kuikaza. Nikimaliza, vitovu vimepoa. Na grisi siihesabu kwa miaka bali kwa safari: trela lililozama mara nyingi na kupita njia za mashimo linataka kufunguliwa mapema kuliko lile linalokaa kwenye lami.

Jambo ninalotaka kulisisitiza kuliko yote ni kusimama. Dereva wa gari la kawaida akiwa na nati iliyolegea huisikia kwenye usukani. Anayevuta trela kwenye changarawe hasikii kitu. Kelele ya mawe inafunika kila sauti, na vumbi linafunika kioo cha nyuma. Nyuma yako panaweza kuharibika kwa muda mrefu, nawe unaendelea na mazungumzo. Kwa hiyo mimi husimama baada ya kilomita 10 za mwanzo, kisha kila kilomita 30 hivi. Nasogeza mgongo wa kiganja kwenye kila kitovu, taratibu, nisije nikaungua. Uvuguvugu si tatizo. Kikiwa cha moto kiasi kwamba mkono haukai, au kimoja kimezidi mwenzake waziwazi, safari inaishia hapo hadi kijulikane kina nini. Halafu nakamata spana na kugusa nati za magurudumu na bolti zinazoshika springi kwenye ekseli, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya namna hiyo huzilegeza hata kama ulizikaza vizuri alfajiri. Mikanda nayo hulegea. Boti ikishacheza kidogo na kukaa sawa kwenye mbao zake, mkanda uliokuwa umebana unabaki unaning'inia.

Hapo nitaje ubishi ambao nimeusikia kwa madereva wazoefu, watu ninaowaheshimu. Wanasema kwenye barabara iliyojikunja uongeze mwendo, gari lipite juu ya mikunjo na mtikisiko upungue. Ni kweli mtikisiko unapungua. Unapungua kwa sababu matairi hayagusi ardhi sawasawa, na tairi lisilogusa ardhi halishiki breki wala kona. Gari peke yake pengine utaliokoa. Ukiwa na boti nyuma, trela likianza kuyumba mkia, litaliburuta na gari. Nimeweka mwisho wangu kilomita 40 kwa saa, na pakiwa pabaya nashuka hadi 20. Likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala kupambana na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, liache lipungue lenyewe.

Mara nyingi kuyumba huko hatukukuti barabarani, tunatoka nako nyumbani. Uzito ukielemea tezi, yaani nyuma ya boti, trela linapiga mkia. Mimi napima ncha ya trela, pale linaposhikana na gari, ikae kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote: boti, mashine na trela vikifika kilo 700, ncha ilale kwenye gari kwa kilo 70 hivi. Wakati fulani nilikuwa nabeba madumu mawili ya petroli, ya lita 20 kila moja, nyuma kabisa karibu na mashine, kwa kuwa ndipo yanapotumika. Hizo ni karibu kilo 30 mahali pabaya kabisa. Na maji ya ngamani, yale yanayobaki chini ndani ya boti, ni mabaya zaidi, maana hayatulii: kwenye mpando yanakimbilia tezi, kwenye mteremko yanakimbilia omo, yaani mbele. Ndiyo maana nguruzi nasafiri nayo mfukoni, tundu liko wazi, mvua ikinyesha maji yatoke yenyewe.

Mashine usiiache imening'inia juu bila mhimili. Kila shimo linakuwa nyundo kwenye ubao wa tezi. Nilitengenezewa chuma kifupi kinachoegemezwa kati ya trela na mguu wa mashine, na nyufa zilizokuwa zimeanza hazijaongezeka.

Minyororo ya usalama ipishane chini ya ncha ya trela, ili ncha ikichomoka kwenye gari idakwe isichimbe ardhi. Tena hakikisha spea ni ya trela, si ya gari, na kwamba jeki yako inaingia chini ya ekseli trela likiwa limekaa na tairi bovu. Sisi siku ile tulikuwa na jeki isiyoingia na spana isiyolingana na nati. Tulichimba udongo kwa mikono hadi magharibi.

Ombi langu kwa wanaouza boti na matrela: mnunuzi anapoondoka, msimwoneshe mashine peke yake. Mpelekeni nyuma ya gurudumu, mwoneshe kifuniko cha grisi, mwambieni asubiri kabla ya kuzamisha. Ni dakika tano tu. Mimi sikuambiwa, na aliyeniuzia hakuwa mtu mbaya. Nadhani naye hakuambiwa.

Na wewe unayetufuata nyuma barabarani, najua tunakuchelewesha na kukumwagia vumbi. Nikipata mahali papana napisha, na wenzangu nawaomba wapishe. Lakini ukiona gurudumu la trela limeinama au linatoa moshi, tuwashie taa, tupigie honi, hata ukitukera. Wewe unaliona, sisi hatulioni.

Mdogo wangu sasa ana boti yake. Wiki iliyopita alinipigia simu akiwa njiani. "Dada, nimesimama. Cha kushoto kina joto kuliko cha kulia." Nilimuuliza kimezidi sana? Akasema mkono unakaa, ila kimezidi. Nikamwambia asiondoke, afungue atazame. Alikuta grisi imeanza kuwa nyeupe.

Msomaji wenu