Mwanangu, dumu la mawese funga wewe mwenyewe

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na wajukuu zangu wote watatu wasalimie. Jana ulivyopiga simu unalia juu ya kuhama Kigoma kuja huku Tabora, eti "mama hii nyumba ina vitu vingi sijui nianzie wapi" mi kwanza nilicheka, nisamehe, alafu nikaona bora nikuandikie kabisa maana kwenye simu huwa hunisikilizi, mara mtoto anaita, mara maharage yanaungua. Mumeo huku Tabora hajambo, anakula kwangu kila jioni, anasema amekumisi sana, ila nyama ya mbuzi haijamshinda.

Tuanze na kabati. Juzi mumeo alinipeleka kuiona nyumba mtakayohamia pale Cheyo, nyumba nzuri, mwembe mkubwa uko uani, lakini milango ya ndani myembamba. Sikuwa na tepu, nikachukua kamba ya katani nikapima mlango wa chumbani nikapiga fundo, nikapita kwa fundi cherehani jirani yangu akanipimia: sentimita 76. Sasa lile kabati lako la vyombo la milango mitatu, ambalo hata hapo Mwanga liliingia kwa kuvunja fremu, unalibeba ulipeleke wapi? Liuze hukohuko. Najua mumeo alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza, amenieleza, nimemwambia litakaa uani linyeshewe. Kitanda cha sita kwa sita kikifunguliwa kinapita. Skrubu zake zitie kwenye soksi kuukuu, soksi uifunge kwenye ubao wa kichwani, usiweke mfukoni kwa kijana wa kupakia, maana tulishawahi kulala chini wiki nzima.

Mambo ya gari. Usikodi gari kutokea mwanzo, tafuta Fuso linalorudi. Yapo mengi yanakuja Kigoma na mizigo ya dukani alafu yanarudi matupu, dereva yeyote anapenda apate hela ya mafuta ya kurudia. Ila kabla hujaelewana naye panda nyuma mwenyewe unuse. Nasema unuse! Gari lililoshusha dagaa jana hata wakilimwagia maji ndoo kumi, magodoro yako yatanuka mwalo wa samaki wa Kibirizi mpaka Krismasi. Na lililobeba chumvi ya Uvinza nalo uliangalie, sakafu inakuwa na unyevunyevu. Muulize turubai lake zima au lina matundu, na muelewane mapema nani analipa wapakiaji wa Kigoma na nani wa kushusha Tabora, maana hapo ndo ugomvi huzaliwa, mzigo umeshafika mlangoni utingo anakwambia hela ya kushusha haikuwemo. Njia siku hizi sehemu kubwa ni lami, mnapita Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo mpaka hapa, si kama enzi zetu. Mkaa usibebe hata gunia moja, kwenye vizuizi vya maliasili watakuweka juani na watoto. Kuku wape majirani, au muwale. Kuwala ndo bora.

Friji uizime siku moja kabla, barafu iyeyuke yote, uikaushe, mlango uufunge kwa kamba. Isafiri imesimama. Ikifika usiichomeke palepale, iache itulie masaa kadhaa. Umeme nao, hiyo wiki ya mwisho usinunue LUKU ya elfu ishirini kwa mazoea, uniti zinabaki na mita ya mwenye nyumba hazikufuati wewe. Nunua kidogokidogo.

Vyombo vya udongo na glasi usihangaike na magazeti, nani ana magazeti siku hizi. Viringishia kwenye kanga na nguo za watoto, umepaki vitu viwili mara moja. Maboksi ya sabuni na ya mafuta ya kupikia omba dukani kuanzia leo, usisubiri, na uyakung'ute juani kwanza maana mende wanapenda sana kuhamia nyumba mpya bila kulipa kodi. Andika kwa maka peni ubavuni mwa boksi, sio juu, kwa sababu yakipangana ya juu huoni. Na vitanda vianike siku nzima kabla havijapakiwa, sisemi una kunguni, nasema anika.

Watoto wape kila mmoja begi lake la shule, mwambie weka unachotaka kwenye hili begi na ukibebe mwenyewe. Yule wa kati ataweka mawe, muache aweke.

Shule: nenda kwa mwalimu mkuu wiki hii sio wiki ya mwisho, umwombe barua ya uhamisho na awahamishe watoto kwenye ule mfumo wao wa kumbukumbu za wanafunzi, PREMS, maana bila hivyo huku watakuwa wanakaa darasani kama wageni. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kadi za bima, vitambulisho, mkataba wa nyumba, vyote mkoba mmoja na mkoba huo ukae begani kwako. Usiweke kwenye sanduku. Narudia usiweke kwenye sanduku, na hapa ndo nataka nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia.

Unaijua ile alama kwenye cheti chako cha kuzaliwa, lile doa la rangi ya chungwa pembeni ambalo kila ukienda ofisini wanakuuliza hii nini. Ulishawahi kuniuliza nikakwambia ni baba yako. Mwanangu, sio baba yako.

Mwaka 1996 tulivyohama Kigoma, wewe uko darasa la pili, baba yako kahamishiwa Tabora na kazi yake ya reli, tulisafiri kwa treni na mizigo yetu. Mimi mtoto wa Ujiji naenda kuishi kwa Wanyamwezi nilikuwa na hofu moja tu, nitapata wapi mawese. Nikanunua dumu la lita ishirini. Usiku wa mwisho majirani walikuja kutuaga, nikafungua dumu nikachota nikawakaangia migebuka, tukala tukalia, umeme ukakatika, nikafunga dumu gizani. Nilisikia kabisa mfuniko umekaa upande. Nilisikia kwenye vidole, unajua ule mfuniko unavyozunguka mara moja alafu unagoma? Nikasema ntaangalia asubuhi. Asubuhi mwezi wa saba kulikuwa na ubaridi, mawese yameganda kama samli, baba yako akalibeba akalilaza juu ya lile sanduku la bati pembeni ya godoro, halikuvuja hata tone. Nikanyamaza.

Usiku kucha treni imeenda salama. Tukafika Kaliua tukakaa, tunasubiri, jua likapanda likaanza kupiga bati, mpaka saa sita mchana mawese yote yakawa maji. Godoro likanywa. Sanduku likaingiwa kwenye bawaba, nguo zako za shule, picha ya harusi yetu, vyeti. Kushusha mizigo hapa stesheni ya Tabora wapagazi mikono myekundu kama wamechinja. Na mimi palepale mbele za watu nikamgeukia baba yako nikasema: nani kakwambia ulaze dumu? Maskini yule mzee akasema samahani mama fulani, nimekosea. Nikanuna siku tatu! Akaenda kukopa akaninunulia godoro jipya. Tunalo mpaka leo, ndo lile la chumba cha wageni, na kila mgeni akilisifia baba yako anaangalia chini.

Wanyamwezi bwana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani sifa yao ni kubeba mzigo ukafika, na mimi nikamfanya Mnyamwezi wa watu aonekane hajui kulaza dumu. Miaka yote hiyo. Nilitaka kumwambia mara nyingi, mara ya kwanza kwa sababu ya godoro nikaona aibu, baadae ikawa imeshapita, baadae ikawa utani wa nyumba, watoto mnamcheka "baba usishike mafuta" na yeye anacheka, nikaona nikisema sasa naharibu. Sasa hivi ninavyokuandikia amekaa chini ya mwembe anasikiliza redio, amepiga miwani yake. Ntamwambia. Sio leo.

Haya tuendelee. Kiroba cha usiku wa kwanza, hiki kisipande Fuso, mpande nacho basi: sufuria moja, sahani, kisu, kiberiti, majani ya chai, sukari, sabuni, mashuka, vyandarua, balbu mbili, tochi, dawa ya pumu ya mdogo. Na mablanketi yawe juu, sio chini ya boksi la vyombo, Tabora mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi nyie watu wa ziwani hamuijui, huku tuko juu kama mita 1,200, ziwa lenu liko chini huko kwenye mia saba na kitu. Maji msiogope kama zamani, siku hizi tunakunywa ya Ziwa Victoria. Watoto watauliza ziwa liko wapi. Wa kati atalia. Mlete kwangu.

Mtungi wa gesi toa regulata, usimame wima. Televisheni piga picha nyaya zake kwa simu kabla hujachomoa. Pazia acha mpaka mwisho kabisa, watu wasikae wanahesabu vitu vyako.

Siku ya kupakia nipigie gari likitoka, alafu mkifika Urambo nipigie tena niinjike ugali. Baba yako ameshatafuta vijana wanne wa kushusha na spana ameitia mafuta.

Mawese niletee. Lita tano tu, sio ishirini, na mfuniko uweke nailoni ndani ndo ufunge, mchana, kwenye mwanga. Ubebe wewe mwenyewe miguuni kwenye basi. Baba yako akitaka kulipokea dumu pale stendi, mpe alibebe.

Mama yako