Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Filamu cha Wanafunzi

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati tendaji, mlezi wetu wa chama, itifaki imezingatiwa.

Katiba inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu. Nafanya hivyo leo mbele ya viti vingi kuliko watu, na hilo nitalirudia.

Shughuli za kawaida sitazichambua. Mafunzo ya kamera yalifanyika, ya sauti pia. Usiku wa kutazama filamu ulifanyika mara moja, wa pili uliahirishwa kwa kukosa projekta. Mweka hazina mpya alichaguliwa kwa amani. Waliokosekana wasome kumbukumbu za mikutano. Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa moja: kutengeneza mwanzo wa filamu ya drama ya vijana, dakika mbili kamili, majina ya washiriki yakiwemo. Kazi hiyo imekamilika. Nasisitiza neno hilo, maana wapo wanaoizungumzia kama marehemu.

Kuhusu sekunde 50 zilizoondolewa

Wengi mliofika mmefuata jambo hili. Kwa nini sekunde 50 za kwanza za toleo la awali ziliondolewa ilhali zilisharekodiwa na kuhaririwa? Yamesemwa mengi kwenye kundi la WhatsApp, mengine si ya kistaarabu. Naomba ieleweke kwamba uamuzi ulipitishwa na kamati kwa kura. Sikatai kwamba hoja niliipeleka mimi, wala kwamba kura zilipolingana nilitumia kura ya uamuzi ambayo katiba inampa mwenyekiti.

Toleo lile lilianza hivi: saa inalia, mkono unaizima, msichana anaamka, anapiga mswaki, anavaa sare, anabeba mkoba, anatembea, anafika getini. Hadi hapo sekunde 50 zimekwisha kati ya 120, yaani zaidi ya asilimia 40 ya muda wetu, na mtazamaji hajui lolote isipokuwa kwamba msichana huyu ana mswaki. Waliotetea kipande hiki walisema ni kaida ya utanzu, yaani ya aina hii ya filamu. Si kweli. Ni mazoea ya filamu za wanafunzi, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuamka kwa kengele kwenye filamu ya kutisha, ya vichekesho, hata kwenye tangazo la dawa ya meno. Kaida ya utanzu ni ishara inayomwambia mtazamaji ndani ya muda mfupi kwamba hii ni hadithi ya aina gani, ya nani, na kuna nini kinachoweza kuharibika.

Kipimo tulichotumia ni rahisi, na mwanachama yeyote anaweza kukirudia. Zima sauti, mwonyeshe mtu ambaye hakushiriki sekunde 15 za kwanza, kisha muulize maswali matatu: hii ni filamu ya aina gani, mhusika mkuu ni nani, ana shida gani. Akijibu mawili, mwanzo una uhai. Toleo la kengele lilipata jibu moja tu, "mwanafunzi".

Toleo lililopo sasa linaanzia kwenye ukumbi wa chakula wa shule. Meza imejaa wasichana, kiti kimoja kina mkoba juu yake. Msichana anakuja na sahani, anasimama karibu na kiti. Mkoba hauondolewi. Shoti (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) ya karibu: mkono wa msichana aliyeketi unaushika ukanda wa mkoba na kuukaza, na kwenye kifundo cha mkono huo kuna bangili ya uzi. Shoti inayofuata ni mkono ulioshika sahani, nao una bangili ileile. Sekunde 14, hakuna aliyefungua kinywa, na tumeshapata kundi, ngazi za heshima ndani ya kundi, mtu aliyetengwa, na urafiki wa zamani uliovunjika. Kaida nne za drama ya vijana zimepita bila mtu kuamka kitandani.

Wapo waliolalamika kwamba kwa kuwa wahusika wote wamevaa sare haiwezekani kuwatofautisha, ndiyo maana walitaka karamu ya usiku ili kila mmoja avae nguo zake. Ninaona ni kinyume chake. Sare ndiyo inayofanya tofauti ndogo ipige kelele: mkono wa shati uliokunjwa mara mbili, tai iliyolegezwa, soksi zilizoshushwa, spika moja ya sikioni iliyoachwa ikining'inia. Kiongozi wa kundi tulimpa sare iliyopigwa pasi na viatu vipya. Aliyetengwa tulimpa sweta kubwa kwake kwa saizi moja, lionekane limerithiwa. Filamu ya The Breakfast Club ya mwaka 1985 inafanya jambo la jinsi hiyo mwanzoni: wanafunzi watano wanafika shuleni siku ya Jumamosi kwa adhabu, wanne wanashuka kwenye magari, mmoja anakuja kwa miguu. Unaanza kujua kila mmoja anatoka nyumba ya namna gani kabla hawajakaa chini. Hilo ndilo la kuiga. Kuiga makabati ya kufungia vitabu yaliyopangwa ukutani, katika shule ambayo haina makabati, ni kuazima pambo na kuacha kazi yake. Kazi ya ukumbi wa makabati ni kumpitisha mhusika mbele ya macho ya watu. Foleni ya chakula, ngazi, au kituo cha basi hufanya kazi hiyohiyo.

Hoja ya pili iliyotolewa dhidi ya kamati ni kwamba kufuata kaida kunaua ubunifu. Steve Neale, msomi wa filamu aliyechapisha kitabu kuhusu tanzu za filamu mwaka 1980, alieleza kwamba utanzu huishi kwa marudio na tofauti kwa pamoja. Marudio matupu yanachosha, na tofauti tupu haitambuliki kwa kuwa hakuna kitu cha kuitofautisha nacho. Ndiyo maana tulibakiza kaida nne na kuvunja moja, tena kwa makusudi. Sauti ya msimulizi, ambayo katika filamu za vijana huwa kwa kawaida ya yule anayeonewa, hapa ni ya msichana aliyeshika mkoba. Mtazamaji anadhani anamsikia aliyesimama. Kwenye sekunde ya 95 msimulizi anasema "bangili nilizisuka mimi", kamera iko usoni pa aliyeketi, naye anashusha mkono chini ya meza. Wazo hili, kwa kumbukumbu, lilitoka kwenye kiti cha mwenyekiti.

Mbinu hiyo ina masharti, na wahariri wetu wawili walihangaika nayo. Kabla ya sekunde ya 95 usiweke shoti ya uso inayosema lolote, maana midomo ikicheza mtazamaji anaunganisha sauti na uso mara moja. Nyuso zote mbili zipewe muda unaokaribiana. Ukimpa mmoja shoti sita za karibu na mwingine mbili, umeshafichua. Msimulizi asizidi maneno 40, ambayo kwa usomaji wa utulivu ni kama sekunde 20, yakigawanywa sehemu tatu. Toleo la kwanza lilikuwa na maneno 110 na likaeleza kila tulichokuwa tunakiona.

Karamu ambayo haikufanyika

Waliodai kipande cha karamu wanasema kamati ilikiua. Kilikufa kwa mahudhurio. Karamu ya kuaminika kwenye fremu inataka watu 15 hadi 20. Kwa watu wachache unaweza kudanganya: tumia lenzi ndefu (inayovuta picha karibu), jaza mbele kwa mabega yaliyo nje ya fokasi, zungusha watu walewale nyuma. Hata hivyo chini ya kumi ujanja unaonekana. Walikuja sita, mmoja wao akiwa na sare.

Tena karamu ni kazi ngumu ya sauti. Muziki hauchezwi wakati wa mazungumzo. Unawekwa baadaye kwenye uhariri, vinginevyo kila mkato utarusha wimbo. Wachezaji hupewa mdundo kwa sekunde chache, unazimwa, wanaendelea kucheza kimya huku waigizaji wakipaza sauti kana kwamba wanashindana na spika. Hili linataka mazoezi, na mazoezi yanataka watu.

Takwimu za kazi

Toleo la mwisho lina shoti 31 ndani ya sekunde 120, wastani wa chini kidogo ya sekunde 4 kwa shoti. Fremu, yaani picha moja moja, ni 25 kwa sekunde. Shoti mbili za mwendo wa polepole zilirekodiwa kwa fremu 50 na kuchezwa kwa 25. Kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ilikuwa 1/50 ya sekunde, kwa sababu taa za ukumbi zinatumia umeme wa hezi 50. Penye hezi 60 tumia 1/60, la sivyo utaona mistari ikipanda na kushuka kwenye picha na ni vigumu kuiondoa vizuri kwenye uhariri. Mpangilio wa rangi nyeupe ulifungwa kwa mkono. Ukiuacha kamera ijiamulie, sare nyeupe itakuwa ya bluu kwenye shoti moja na ya manjano kwenye nyingine.

Mstari wa kamera kwenye meza ulizingatiwa. Chora mstari wa kufikirika kati ya aliyeketi na aliyesimama, kamera ibaki upande mmoja. Shoti tatu za mwanzo zilivuka mstari huo, wote wawili wakaonekana wanatazama upande uleule, kama wanasubiri basi. Zilirekodiwa upya. Chakula nacho kilitusumbua: sahani iliyojaa kwenye shoti ya upana ikawa nusu kwenye shoti ya karibu. Piga picha ya meza kwa simu kila mnapokata, na mwigizaji ale kipande kilekile kwenye neno lilelile.

Ujumbe wa simu haukurekodiwa kutoka kwenye kioo. Kioo kinaakisi taa, fokasi inatangatanga, na maandishi hayasomeki. Rekodi uso wa anayesoma, kisha weka maandishi juu ya picha wakati wa uhariri, yakae muda wa kutosha kusomwa mara mbili kwa sauti. Sauti ya ukimya wa ukumbi ilinaswa kwa dakika moja, watu wote wakiwa wamesimama bila kusogea. Bila hiyo, kila ulipokata mazungumzo panatokea shimo.

Majina: kampuni kwanza, kisha waigizaji wakuu, jina la filamu, kisha muziki, uhariri, picha, mtayarishaji, mwandishi, na mwongozaji mwisho. Kila jina lisipungue sekunde 2, lisikae juu ya uso wala pamoja na ujumbe wa simu. Mwandiko wa daftari uliopendekezwa kwa jina la filamu ulikataliwa kwa sababu haukusomeka kwenye simu, ambako ndiko wengi watatazama.

Wimbo maarufu uliowekwa kwenye toleo la kwanza uliondolewa. Vibali vyake ni viwili, cha utunzi na cha rekodi, na hatukuwa na hata kimoja. Mahali pake pana gitaa la mwanachama wetu, aliyetia saini ridhaa ya maandishi. Fomu za wazazi kwa waigizaji walio chini ya miaka 18 zipo kwenye faili, na nembo za shule zilifunikwa.

Mahudhurio na ada

Wanachama kwenye daftari ni 41. Waliolipa ada kamili ni 17, waliolipa nusu ni 9, ambao hawajalipa chochote ni 15. Akidi ilitimia kwenye mikutano 4 kati ya 11. Miongoni mwa waliopinga uamuzi wa kamati kwa sauti kubwa zaidi, wapo ambao majina yao hayapo kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili za kwanza. Sitawataja. Wanajijua, na mweka hazina anawajua.

Ada si mapambo. Ndiyo iliyokodi lenzi, ndiyo iliyonunua kadi za kumbukumbu na betri za akiba. Siku ya kurekodi ukumbini tulikuwa na betri mbili badala ya nne, na ndiyo sababu shoti ya upana ilipigwa mara mbili tu. Anayeuliza kwa nini mtu wa nyuma anatazama kamera kwenye sekunde ya 31, jibu analo mfukoni mwake.

Mwaka ujao

Panapo majaliwa, kamati inatarajia kuandaa mwanzo wa filamu ya utanzu mwingine, huenda wa kutisha, kutegemea hali ya mfuko. Tunatumaini pia kupata fimbo ya maikrofoni iliyo nzima, na kuangalia uwezekano wa mafunzo ya rangi. Mengine yatajadiliwa na kamati itakayochaguliwa leo. Iwapo wanachama wataona inafaa niendelee, sitakataa.

Mwisho, kadi mbili za kumbukumbu na kinasa sauti bado viko kwa wanachama waliovichukua baada ya kurekodi. Vinatakiwa kabla ya mwisho wa wiki. Kinasa sauti kina betri ndani. Zikiachwa muda mrefu huvuja na kula chuma za kifaa. Mwenye nacho azitoe leo, hata kama hatakileta leo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti