Mlinzi wa tovuti na ufunguo wa duka

Mhariri,

Makala yenu kuhusu usalama wa biashara za mtandaoni iliwashauri wenye maduka madogo waweke tovuti zao nyuma ya Cloudflare, huduma inayosimama kama mlinzi kati ya tovuti na wageni wake, basi. Mimi nauza leso mtandaoni nikiwa Mombasa, huduma hiyo naitumia mwaka wa tatu huu, na hilo "basi" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Faida sizikani. Seva yangu, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, iko Ujerumani, maana huko ndiko nilikopata bei ya mfuko wangu. Picha ya leso ili mteja aione pindo, mji na jina lake sawasawa lazima iwe kubwa, na zamani ilikuwa ikifunguka kwa kujivuta. Cloudflare wana kituo hapa hapa Mombasa tangu 2015. Nakala ya picha hukaa karibu, na mteja wa Likoni hahitaji tena kufika Ujerumani kuitazama leso iliyo dukani Biashara Street. Cheti cha HTTPS, kinachofunga mawasiliano ya mteja na tovuti kama ndani ya bahasha, ni bure; kinga dhidi ya mafuriko ya roboti, zile programu zinazojifanya wageni, ni bure. Sijalipa hata shilingi.

Lakini mlinzi hufuata amri, hata ya mjinga. Mwaka jana nilichoshwa na roboti, nikaamuru zizuiwe nchi zote isipokuwa Kenya na Tanzania. Siku ya tatu shangazi yangu alipiga simu kutoka Muscat: "Mwanangu, mbona duka umelifunga na Idi hii hapa?" Nusu ya wateja wangu wako Oman! Kosa langu mwenyewe, kama lile la kuamuru kurasa zote zihifadhiwe nakala: nilipandisha bei hadi shilingi 950, wateja wakaendelea kuona 800, na ikabidi niwauzie kwa 800. Jambo jingine, simu nyingi za mtandao mmoja huweza kutumia anwani moja ya IP, ile namba inayoitambulisha simu mtandaoni. Ukiweka kikomo kikali cha mara ambazo anwani moja inaweza kuomba kurasa, unawafungia wanunuzi pamoja na wezi.

Kuna na la faragha. Ili kukagua kinachopita, mlinzi huyu huifungua bahasha kisha huifunga tena. Namba za simu na anwani za wateja hupita mbele ya macho yake. Sisemi anaziiba, ila mwenye duka ajue, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humwuliza yeye kwanza.

Kubwa kuliko yote ni la Novemba 18, 2025. Badiliko la ruhusa kwenye hifadhidata ya Cloudflare lilisababisha faili ya mfumo wa kutambua roboti iongezeke maradufu, programu ikashindwa kuibeba, na tovuti nyingi duniani, X na ChatGPT zikiwemo, zikaonyesha kurasa za hitilafu kwa saa kadhaa. Wenye tovuti wengi walitaka kumwondoa mlinzi mlangoni kwa muda, wakashindwa hata kuingia kwenye akaunti zao, kwa kuwa ukurasa wa kuingilia nao ulitegemea kipimo cha Cloudflare cha kuthibitisha kuwa mgeni si roboti, nacho kilikuwa kimeharibika.

Naomba makala ijayo ieleze hapo: namna ya kumtoa mlinzi. Mimi jina la tovuti nimelisajili kwingine, ili niweze kubadilisha seva za majina, zile zinazoelekeza wageni kwenye tovuti, bila kumbembeleza mtu, japo mabadiliko huchukua saa nyingi kuenea. Orodha ya rekodi za DNS, yaani maelekezo ya jina la tovuti liende seva gani, nimeichapisha kwenye karatasi. Iko kwenye droo ya duka, chini ya daftari la madeni.

Muuza leso,
Mombasa