Mpwa wangu, kabla hujauza simu ununue baiskeli ya mbio

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Tabora. Mama yako kaniambia unataka kuuza ile simu uongezee hela, ununue baiskeli ya mbio za changarawe, mwakani uende Kenya ukashindane. Sikukatazi. Ila naona umeanzia kwenye fremu, wakati mbio hizi zinaanzia tumboni.

Hiyo ya Kenya, Migration Gravel Race, ilianza 2021 huko Maasai Mara: siku 4, kilomita zipatazo 650. Ile kubwa ya Marekani, Unbound ya Emporia, Kansas, ni zaidi ya kilomita 320 kwa mkupuo mmoja. Lachlan Morton aliyeishinda 2024 alikanyaga zaidi ya saa 9, na huyo ndiye wa kwanza! Wa katikati je? Akiba ya sukari mwilini haifiki huko, hata ungekuwa nani. Ikikatika hujala, miguu inagoma.

Kwa hiyo unakula ukiwa juu ya tandiko, kila saa. Tumbo hupokea kama gramu 60 za sukari kwa saa. Ukichanganya sukari za aina mbili, glukosi na fruktosi, tumbo likishazoezwa, unaweza kufika 90, maana kila moja ina njia yake ya kupenya utumboni. Wenzako wananunua vipakiti vya rojo la sukari vya bei mbaya. Asali ya Sikonge ina zote mbili. Ikoroge kwenye maji, tia chumvi kidogo (ya Uvinza, kwa nini isiwe?), na mfukoni weka matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Anza kuzoea sasa hivi, mazoezini. Asali nyingi kwenye tumbo geni itakuingiza porini haraka kuliko baiskeli yenyewe.

Kwenye matairi ndiko uweke hela. Tafuta mapana, milimita 40 kwenda juu, na usimruhusu fundi akujazie upepo mpaka tairi liwe gumu kama jiwe. Tairi lenye upepo wa kiasi linazikumbatia kokoto. Gumu linarukaruka, na kila mruko ni nguvu yako inayopotea. Ukipunguza mno, nako tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inatoka matundu mawili. Ujue kuziba mwenyewe. Kule Unbound, ukishatoka kituoni hakuna gari la timu linalokufuata na gurudumu la akiba. Solusheni, viraka, pampu, spana, vyote unabeba.

Njoo ufanyie mazoezi huku. Barabara kuu ya Sikonge ni lami siku hizi, haikufai. Ingia njia za pembeni, za wakulima wa tumbaku na warina asali. Mchanga upo, makorongo yapo. Na ukielekea misitu ya Ugalla, mbung'o wapo, nao hufuata kitu kinachotembea. Ile jezi yako ya bluu iache nyumbani: mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, kwa sababu rangi hizo zinawavuta.

Simu usiuze kwanza. Pima nafasi kati ya uma na gurudumu la hiyo baiskeli uliyo nayo, uniambie linaingia tairi la upana gani. Kuna fundi hapa mjini nataka nimuulize kabla ya mwisho wa mwezi.

Mjomba wako