Kwa vijana wa kijiwe cha boda Tandika: muulizeni alifungwa kwa kosa gani

Wanangu, hamjambo. Juzi nimepita hapo kijiweni nimewakuta mnabishana mpaka mnataka kushikana mashati, eti yule mwenzenu aliyetoka gereza la Segerea asithubutu kuchukua fomu ya udiwani kwa sababu ni mfungwa. Usiku sikulala vizuri, ndo nikaona niwaandikie.

Mwaka 1958 hapahapa Dar wakoloni walimpandisha Mwalimu Nyerere kizimbani kwa kuwaandika vibaya maDC wao wawili, yaani wakuu wa wilaya, kwenye gazeti la chama chake cha TANU, akatiwa hatiani, faini shilingi 3,000 au jela miezi 6. Faini ikalipwa akarudi kwenye kazi yake. Sasa fikirieni ile hela ingekosekana! Mtu yuleyule, kosa lilelile, ila angelala gerezani na nyie leo mngesema huyo ni mfungwa asigombee. Hili linaniuma kweli maana nimeshaona vijana wa mtaa huu wanapigwa faini ya laki mbili tatu, mama anazunguka kukopa kwa majirani haifiki, mtoto anaingia ndani, na mwenye nazo kalipa saa hiyohiyo jioni yuko kwake anakula ubwabwa na wanawe.

Sisemi tusamehe kila kitu. Katiba yetu ibara ya 67 kwenye ubunge inauliza kosa lenyewe, ukihukumiwa kifungo kinachozidi miezi 6 kwa kosa la kukosa uaminifu hufai, na ukitiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya serikali mpaka miaka 5 ipite. Hapo mimi naunga mkono kabisa. Aliyekula hela za watu unampaje tena funguo? Ila jamani na hao wasiofungwa muwaangalie, mimi hela yangu ya kikoba ililiwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga hata polisi, na kampeni zikianza yeye ndo anakaa kiti cha mbele.

Na kingine, kesi siyo hatia. Mtu kukamatwa, kulala mahabusu, mpaka hakimu aseme, msianze kumchafua.

Jumapili baada ya saa kumi nakuja hapo, mwiteni huyo kijana aje na nakala ya hukumu yake tuisome wote, aulizwe alichukua cha nani na kama alikirudisha. Mama zenu nao waje, kura wanazo.

Ni mimi mzee wenu.