Manjano na figo ya mdogo wangu

Mhariri, habari za kazi,

Nimesoma makala yenu ya antioksidanti za mimea (vitu vinavyozuia oksijeni isiharibu seli) kulinda viungo vya kupandikizwa nikaona niandike haraka kabla watu hawajavamia soko kununua manjano. Mi ndo niliyemchangia mdogo wangu figo, kovu ninalo ubavuni, kwahiyo hii ishu sikuisikia kwa jirani.

Sayansi yenyewe sibishi. Kiungo kikitolewa kinakatiwa damu, kinawekwa kwenye barafu, afu damu ikirudi oksijeni inaingia kwa fujo na seli zinaumia palepale, yani wakati mnashangilia kimepata damu ndo kinaungua. Hata yale maji ya kuhifadhia viungo yaliyobuniwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, miaka ya 1980 yana antioksidanti ndani yake, glutathioni. Na kurkumini ya manjano na kwasetini ya vitunguu zimejaribiwa, kwa panya sana, kwa binadamu kiduchu. Mwaka 2005 yalitoka majibu ya wagonjwa 43 waliowekewa figo za marehemu, wale waliomeza dozi kubwa figo zao nyingi ziliamka mapema. Safi, ila jamani, watu 43!

Sasa mlichoruka ni hiki, hizo ni figo za marehemu, zinakaa kwenye barafu masaa kibao. Kwetu tangu Muhimbili waanze 2017 anayetoa ni ndugu aliye hai, figo inatoka kwako inaingia kwake siku hiyohiyo, haikai sana nje, kwahiyo yale majeraha ya barafu sio makubwa kihivyo. Balaa letu linaanza mkisharudi nyumbani.

Mdogo wangu alivyoruhusiwa, mama mdogo kwa mapenzi yake akawa anamchemshia manjano na pilipili manga, jagi zima, asubuhi na jioni, eti asafishe figo mpya. Wiki ya tatu tunakunywa chai naona mkono unamtetemeka, kikombe kinagonga kisahani ngo ngo ngo. Kliniki wakapima, takrolimasi (dawa anayomeza ili mwili usiikatae figo) iko juu kwenye damu, kreatinini (uchafu ambao figo inatakiwa iutoe) nayo imepanda. Daktari akauliza unatumia nini kingine, tukaangaliana. Hiyo dawa inavunjwa kwenye utumbo na ini, kuna mimea inaizuia isivunjwe (balungi ndo linajulikana zaidi), inajaa kwenye damu mpaka inaumiza figo ileile iliyokuja kuilinda. Siapi kwamba ni manjano tu, ila jagi lilivyosimama na dozi ikarekebishwa, mkono ukatulia.

Ombi langu, mkirudia hii mada andikeni kwa herufi kubwa kwamba kilichopimwa ni kapsuli zenye kipimo, tena zinatolewa kuanzia upasuaji chini ya madaktari, sio jagi la jikoni. Na mtu aliyepandikizwa asiguse dawa ya mimea kabla hajauliza kliniki yake.

Mama mdogo siku hizi anapiga simu kwanza. Juzi kauliza mlonge.

Kaka mwenye figo moja,
Dar es Salaam